MOTO NA CHAKULA CHAKE
Mambo niliyojifunza katika kazi ya kujitolea msituni

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za kazi tuifanyayo sisi wanafunzi katika mashamba ya miti ya kijiji jirani, naye amesema niandike kama somo, wala si kama barua ya kujisifu. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wako wenzetu wengi, hasa wa Kidato cha Kwanza, watuonao siku ya Jumamosi tukitoka na mafyekeo na reki mabegani, nao hudhani ya kuwa tumepewa adhabu. Sababu ya pili nitaieleza huko mbele, maana haipendezi sana, na sikutaka kuanza nayo.

Shule yetu, kama mjuavyo, iko katika Wilaya ya Mufindi, nchi ya vilima na mabonde. Mabondeni kuna vinyungu na majani marefu. Juu ya vilima kuna misindano, ambayo wengine huiita mipaina, na milingoti. Hatuko mbali na Sao Hill, shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote katika Tanzania. Lakini miti ya wilaya hii si ya Serikali peke yake. Katika miaka hii wenyeji wengi wamepanda ya kwao, ekari moja hapa, ekari tatu pale, hata mlima mzima huonekana kama msitu mmoja ingawa wenye mali ni hamsini. Mtu asiye na ng'ombe wala duka, miti ndiyo benki yake. Huipanda mtoto akiwa anatambaa, akitumaini kuiuza mtoto huyo atakapotaka kwenda chuoni. Benki ya namna hiyo ina ubaya wake mmoja, nao ni kwamba yaweza kuteketea mchana mmoja.

Tufikiri kwanza juu ya majira. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, zikaisha Aprili au Mei, na katika miezi hiyo majani hukua kuupita urefu wa mtu. Juni na Julai huja baridi kali, na sakitu huanguka mabondeni usiku. Mgeni akiona sakitu asubuhi hufurahi, maana yang'aa kama chumvi iliyomwagwa. Mwenyeji haifurahii, kwa kuwa ajua ya kuwa kila jani lililoguswa limekwisha kufa, nalo litakauka pale pale liliposimama. Agosti upepo huanza. Septemba na Oktoba jua huwa kali, na ndipo kila mkulima asafishapo shamba lake akingoja mvua, na wengi husafisha kwa kiberiti. Basi mwatambua hatari: majani yaliyokufa kwa baridi, yaliyokaushwa kwa upepo na jua, na watu wenye moto mikononi, vyote katika mwezi mmoja.

Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha ya kwamba moto wahitaji mambo matatu: joto, hewa, na kitu cha kuunguza. Ukiondoa moja, moto hufa. Sasa tuyapime matatu hayo msituni. Joto hatuwezi kulizuia, maana kiberiti kiko katika kila nyumba, na radi haina mwenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakataza kuchoma moto ovyo pasipo kibali, nayo ni sheria njema, lakini sheria haizimi cheche iliyokwisha kuruka. Hewa ndiyo kabisa haizuiliki. Lililobaki ni la tatu, ambalo mimi naliita chakula cha moto. Hilo peke yake laweza kuondolewa kwa mikono ya watu, tena mapema, watu wakiwa wametulia na bila moshi machoni. Kazi yetu yote ya Jumamosi ni kuunyima moto chakula.

Lakini chakula gani? Hapo ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Mtu akiambiwa asafishe msitu ili usiungue, hukimbilia magogo makubwa yaliyoanguka, akayavuta kwa jasho jingi, akarudi nyumbani akidhani ametenda jambo kubwa. Kumbe gogo si hatari sana mwanzoni. Wataalamu wa Marekani wamevigawa vitu vikavu vya msituni kwa unene wake, wakavipa majina ya saa. Kitu chembamba kisichozidi milimita 6, kama jani la msindano, unyasi au kijiti, hukiita cha saa 1. Kinachozidi hapo, mpaka unene wa sentimita 2 na nusu, ni cha saa 10. Mpaka sentimita 7 na nusu ni cha saa 100. Kilicho kinene kuliko hicho ni cha saa 1,000. Maana ya saa hizo, kwa kusema kwa ufupi, ni muda ambao kitu hicho hutumia kuifuata hali ya hewa, iwe kulowa au kukauka.

Mwaona maana yake. Mvua yaweza kunyesha usiku, tukaamka tukasema, "Leo hakuna moto," na kufika saa sita mchana nyasi zote zimekwisha kukauka tena, ijapokuwa magogo bado yatoa maji ukiyakanyaga. Moto hauanzi kwa gogo. Huanza kwa nyasi na majani ya msindano, ukapata nguvu kwa vijiti, ukapanda katika matawi. Gogo huungua mwisho, wakati wenye mashamba wamekwisha kulia. Kwa hiyo mtu mwenye reki ana faida kuliko mwenye shoka, ingawa mwenye shoka ndiye apendaye kupigwa picha.

Msindano tulio nao, uitwao Pinus patula, asili yake ni Mexico. Una tabia mbili zinazouhusu moto. Ya kwanza ni kwamba majani yake membamba huanguka kwa wingi nayo huoza polepole, hata chini ya miti yenye umri wa miaka kumi huwa kama godoro. Ya pili ni kwamba matawi yake ya chini yakikosa jua hufa, lakini hayaanguki upesi. Hubaki yamekauka katika shina, na majani makavu yaangukayo kutoka juu huning'inia humo. Hiyo ndiyo ngazi. Moto utambaao chini, ukikutana na ngazi ya namna hiyo, hupanda mpaka kileleni, na ukifika kileleni hauna mtu wa kuuzima. Ndiyo sababu mabwana misitu hutuhimiza kupogoa: kukata matawi yote ya chini kwa msumeno, karibu na shina bila kulijeruhi. Mwenye shamba hupogoa apate mbao zisizo na vifundo. Kumbe kazi ile ile yavunja ngazi ya moto.

Kuna hesabu moja ambayo yatufaa sisi wa mchepuo wa sayansi. Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani aitwaye George Byram alieleza jinsi ya kupima nguvu ya ukingo wa moto. Alisema nguvu hiyo ni joto litolewalo na kila kilo ya kitu kiunguacho, mara uzito wa vitu viunguavyo katika eneo, mara mwendo wa moto. Joto la kila kilo halibadiliki sana, iwe nyasi au kuni. Basi yanabaki mawili, uzito na mwendo. Ukipunguza chakula nusu, na mwendo ukabaki ule ule, nguvu nayo hupungua nusu. Na jambo hili si la vitabu tu, kwa kuwa wazima moto wana kipimo chao: ndimi za moto zikizidi kimo cha mita 1.2 hivi, watu wenye zana za mkono hawawezi tena kuukabili uso kwa uso. Mita 1.2 ni kimo cha mtoto wa darasa la pili. Nimesimama mbele ya moto uliopita kimo hicho, nami naweza kuwaambia ya kwamba hapana haja ya rula. Ngozi ya uso hupima yenyewe.

Mwendo nao hutegemea upepo na mlima. Moto upandao mlima huinamia mbele, ukayakausha na kuyapasha majani yaliyo juu yake kabla haujayafikia. Wataalamu hukadiria ya kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko, mwendo huongezeka mara mbili. Mlima wa nyuzi 20, basi, huupa moto mwendo mara nne kuliko uwanda. Mabonde yetu mengi ndivyo yalivyo, na moto wetu mwingi hutoka bondeni.

Sasa nimefika kwenye sababu yangu ya pili.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, klabu yetu ya mazingira ilikubali kuwasaidia wanakijiji kutengeneza barabara ya moto. Msidanganyike na jina hilo, haipiti gari. Ni ukanda uliofyekwa na kukwanguliwa mpaka udongo uonekane, ili moto ukifika hapo ukose cha kula. Ya kijiji hiki yapita chini ya mashamba ya miti, kati ya misindano na majani ya bondeni, kiasi cha hatua elfu moja kwa urefu na hatua kumi kwa upana. Wanakijiji walipewa sehemu zao, nasi wanafunzi ishirini tukapewa hatua mia mbili. Tuligawanyika makundi mawili, nami nikawa kiongozi wa kundi moja, kwa hiyo hatua mia moja zilikuwa juu yangu.

Tulifyeka vizuri. Tulikwangua vizuri. Lakini kufika saa tisa tulikuwa na njaa, maana tulitoka shuleni na uji tu, na bado kulikuwa na marundo ya majani na matawi tuliyoyakata, yamelala katikati ya ukanda. Mzee mmoja wa kamati ya misitu ya kijiji alipita. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Akatazama marundo, akasema, "Hizi taka msizitupe juu kwenye miti. Zibebeni upande wa bondeni, mzitawanye mbali na ukanda, au zipelekeni vinyunguni. Zikikaa juu, mmeukatia moto mboga." Tukajibu, "Ndiyo, babu." Akaenda zake kuangalia wengine.

Upande wa bondeni palikuwa na mtelemko na miiba. Upande wa juu palikuwa hatua tatu tu. Mimi ndimi niliyesema, "Tupeni hapo juu, chini ya miti, hapataonekana." Na kweli hapakuonekana. Ukanda wetu ulipendeza kuliko ya wote. Kuna mwanakijiji aliyetusifu kwa usafi wake, nami nikazipokea sifa hizo.

Moto ulikuja Oktoba, siku ya Jumapili, baada ya saa saba mchana. Mtu mmoja ng'ambo ya bonde alikuwa akichoma mabua ya mahindi, wala hakuwa na nia mbaya. Upepo uligeuka tu. Tuliposikia kengele ya kijiji tulikimbia, na tulipofika bonde zima lilikuwa lavuma. Moto ulipanda kwa kasi niliyoieleza hapo juu, ukafika kwenye barabara ya moto, na hapo niliona kitu ambacho sikukitazamia. Ulikufa. Katika sehemu ya wanakijiji ulifika kwenye udongo, ukainua ndimi mara mbili tatu, ukazima. Akina mama walikuwa wamesimama ng'ambo ya pili na matawi mabichi, wakipiga cheche zilizoruka, wala hawakuwa na haraka. Hatua mia tisa za ukanda zilishika.

Katika hatua mia zangu cheche ziliruka kama kwingineko, lakini hazikuangukia udongo wala majani mabichi. Ziliangukia marundo yetu, ambayo yalikuwa yamekauka kwa majuma manane. Yaliwaka yote kwa pamoja. Misindano ya hapo ilikuwa na miaka sita na haijapogolewa, basi ngazi ilikuwa tayari. Mlio wa moto upandao msindano sitaki kuuandika. Mwalimu aliyekuwa nasi alituamuru turudi nyuma, na alifanya vyema. Wanakijiji walikata ukanda mwingine upande wa juu, wakauzima kabla ya jua kuchwa, lakini ekari moja na nusu ilikuwa imekwisha. Ilikuwa mali ya bibi mmoja mjane, ambaye mjukuu wake asoma hapa shuleni, kidato kimoja nyuma yangu.

Miti ikipandwa mita 3 kwa mita 3, hekta moja huwa na miti 1,111, na ekari moja huwa na 450 hivi. Kwa hesabu hiyo shamba lile lilipaswa kuwa na miti 675. Tulihesabu mashina meusi, tukapata 612. Mingine ilikuwa imekufa tangu zamani kwa mchwa na ukame. Miti ya miaka sita bado haijafika kiwango cha mbao. Mtu hawezi kuiuza iliyoungua ila kwa kuni, na kuni huko kwetu kila mtu anazo.

Kesho yake kamati ilikagua. Wengine walisema kosa lilikuwa la bibi mwenyewe kwa kuwa hakupogoa miti yake, na ya kwamba mwenye shamba asiyepogoa awahatarisha jirani zake. Ni kweli hakupogoa. Ana umri wa miaka zaidi ya sabini, na mwenye msumeno hutaka kulipwa. Nilikuwapo maneno hayo yaliposemwa, nikanyamaza. Yule mzee wa kamati hakusema neno, lakini alitembea pale chini ya miti akikwangua majivu kwa fimbo. Mahali pengi majivu yalikuwa meusi na membamba. Katika mstari mmoja, sambamba na ukanda, yalikuwa meupe, na udongo chini yake umegeuka mwekundu kama tofali. Alinitazama mara moja tu, akaendelea.

Nimejifunza baadaye ya kwamba majivu meupe ni dalili ya kitu kilichoungua kikaisha kabisa, yaani chakula kilikuwa kingi na kikavu mahali hapo. Lakini siku ile sikuhitaji kufundishwa. Nilijua ule mstari ni wa nini, kwa sababu niliuweka mimi.

Nilinyamaza majuma matatu. Yule mjukuu wa bibi tulikuwa tukikutana bwaloni kila siku, naye alikuwa akinishukuru, ati kwa kuwa nilikimbia kwenda kuuzima. Mwisho nilimweleza mwalimu wa klabu, naye akaniambia niende mwenyewe. Nilikwenda Jumamosi. Nikamwamkia bibi, nikamweleza habari za marundo tangu mwanzo. Alinisikiliza huku akichambua maharage. Aliponyamaza muda mrefu, nikadhani atanifukuza. Akaniuliza, "Siku ile mlikuwa mmekula?" Nikasema, "Hatukula, bibi." Akasema, "Mtu mwenye njaa hafanyi kazi ya mwisho. Mwambie mwalimu wenu." Kisha akaniambia ya kuwa aliyosema kamati anayajua, na ningefanya vizuri kwenda kuyasema huko pia. Nilikwenda. Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza, na lile neno juu ya kosa la bibi likafutwa katika kitabu cha kamati, ingawa wajumbe walimwomba apogoe miti yake iliyobaki, nasi klabu tukaahidi kumfanyia kazi hiyo.

Tangu hapo nimesoma nilichoweza juu ya mambo haya, na nitaandika machache.

Swali ambalo wengi huniuliza ni hili: kama majani makavu ni hatari, mbona tusiyachome mapema kwa makusudi, yakaisha? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1933 ilianzishwa majaribio huko Ndola, nchi ambayo leo ni Zambia, katika misitu ya miombo kama ile iliyoko chini kwetu kuelekea Iringa. Sehemu moja ilichomwa kila mwaka mapema, majani yakiwa bado na unyevu. Nyingine ilichomwa mwishoni mwa kiangazi. Nyingine ilikingwa isiguswe na moto kabisa. Baada ya miaka mingi iliyochomwa mwishoni ilikuwa imepoteza karibu miti yake yote, ikawa majani na miti michache migumu. Iliyokingwa ilisongamana. Iliyochomwa mapema ilibaki msitu. Kwa hiyo katika miombo kuchoma mapema, kwa kibali na kwa watu wanaojua, ni dawa. Lakini msindano mchanga si mwombo. Gome lake ni jembamba, na moto mdogo tu huuua. Chini ya misindano hatuchomi. Tunakusanya kwa reki na kubeba. Yule asemaye "moto ni moto" hajaona tofauti ya miti.

Wamarekani nao walipata somo hili kwa gharama kubwa. Baada ya mioto mikubwa ya mwaka 1910 waliazimia kuzima kila moto, na mwaka 1935 idara yao ya misitu ikaweka shabaha ya kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku ifuatayo. Walifaulu sana, na kufaulu kwao kukawa na ubaya. Misitu iliyokuwa imezoea moto mdogo wa mara kwa mara ilisongamana miti midogo na takataka za miaka mingi. Siku hizi wanapunguza miti na kuchoma kwa makusudi, na raia wengi wa kawaida hujitolea mwisho wa juma kufyeka na kubeba matawi. Mji wa Paradise katika California uliungua mwaka 2018 watu 85 wakafa. Ukame, upepo na nyaya za umeme vilikuwa na sehemu yao, lakini chakula cha moto kilikuwa tayari kimewekwa mezani.

Hapa nchini wengi mtakumbuka moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020, na mwingine wa Oktoba 2022. Mamia ya watu walijitolea kupanda kuuzima, wakiwamo wanakijiji, wapagazi na wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Nawaheshimu sana. Lakini naona tuna desturi ya kumsifu ajitoleaye moto ukiwaka, na kumsahau ajitoleaye mwezi wa Julai, wakati hakuna hata moshi. Kazi ya Julai ikifanywa vizuri haionekani kabisa, maana matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Nani atampa zawadi mtu kwa jambo ambalo halikutokea?

Tena yafaa kusema ya kwamba kusafisha nako kuna mpaka. Chini ya kilima kuna chemchemi na msitu wa asili mdogo ambao wazee hawakuruhusu ukatwe. Huko hatupeleki reki. Majani yaozayo ndiyo yashikayo maji, magogo yaliyolala ni nyumba ya viumbe wengi, na kivuli chenyewe hulinda unyevu, hata moto ukifika hapo huchoka. Isitoshe, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hulinda mita 60 toka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Vivyo hivyo ukanda uliokwanguliwa ukishuka moja kwa moja na mtelemko hugeuka mfereji wakati wa mvua, ukachukua udongo wote vinyunguni. Wetu wakata mlima kwa ubavu, na pale penye mwinuko mkali tunaacha mizizi ya majani ardhini tukikata juu tu.

Januari mwaka huu, baada ya kung'oa mashina meusi, tulipanda miche 540 katika shamba la bibi; miche yote tuliyoweza kuipata. Mwezi uliopita nilipita nikaihesabu, ikawa imeshika 487. Safu mbili za chini, zinazopakana na ukanda, hatukupanda. Yule mzee alituambia tuziache wazi, na safari hii hatukungoja aondoke.

Kazi ya mwaka huu itaanza Jumamosi ya kwanza baada ya likizo ya Juni, na itaendelea kila Jumamosi mpaka ukanda wote uishe. Atakaye kuja avae viatu vya kufunika mguu, si kandambili, na aje na chupa ya maji. Mafyekeo yako stoo. Reki ni chache, kwa hiyo mwenye nayo nyumbani aje nayo. Mwalimu amepanga tupikiwe makande saa sita mchana pale pale, na marundo yabebwe baada ya kula. Hatua mia zangu nimeziomba tena.